Bill Walsh: Kocha aliyepimwa na wanafunzi wake

Mwaka 1979 timu ya San Francisco 49ers ilicheza mechi 16 katika NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, ikashinda 2 na kupoteza 14. Matokeo hayo yalikuwa yaleyale ya mwaka uliotangulia, kabla Bill Walsh hajaajiriwa kuinoa. Ukiangalia msimamo wa ligi tu, kocha mpya hakuwa amefanya lolote, na katika timu nyingi duniani kibarua chake kingeota nyasi kabla ya Krismasi. Lakini msimu huohuo kulikuwa na jambo jingine lililostahili kutazamwa. Steve DeBerg, kwotabeki wa timu hiyo, yaani mchezeshaji mkuu anayeamua mpira uende kwa nani, mwaka 1978 alikuwa akifikisha asilimia 45 tu ya pasi zake. Chini ya Walsh alirusha pasi 578 na 347 zikafika, sawa na asilimia 60. Idadi zote mbili zilikuwa rekodi za ligi wakati huo. Mtu yuleyule, mkono uleule, timu ileile inayoburuza mkia, ila alikuwa amefundishwa kitu ambacho hakukijua mwaka mmoja kabla.

Nauanza mjadala hapo kwa sababu kumbukumbu za michezo huwahesabia makocha makombe, na kwa hesabu hiyo Walsh si wa kwanza. Alitwaa Super Bowl, yaani fainali ya NFL, mara 3. Chuck Noll alitwaa 4 na Bill Belichick 6. Mechi za msimu wa kawaida alizoshinda katika NFL ni 92, wakati Don Shula alishinda 328. Hata hivyo, ukiwauliza wanaoujua mchezo huo ni kocha gani aliyebadilisha namna unavyochezwa, jina la Walsh halikosekani, na mara nyingi hutajwa mwanzo. Dai langu ni kwamba pengo hilo kati ya makombe machache na heshima kubwa si upendeleo wa wanahistoria. Linatokana na ukweli kwamba kazi ya Walsh, kuanzia shule ya sekondari hadi chuo kikuu hadi ligi ya kulipwa, ilikuwa ualimu kabla ya kuwa ushindani, na mwalimu hupimwa kwa kile wanafunzi wake wanachoweza kukifanya yeye akiwa hayupo.

Kwa msomaji aliyezoea soka, tofauti moja inatosha kueleza kwa nini kocha wa futiboli ana uzito mkubwa kiasi hicho. Mpira hauchezwi mfululizo. Timu inayoushika hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifaulu hupewa mengine 4, ikishindwa hunyang'anywa. Kila jaribio huchukua sekunde chache, kisha mchezo husimama, benchi la ufundi huchagua shambulizi jipya, na wachezaji 11 hujipanga upya, kila mmoja akiwa na kazi na njia yake. Kocha wa soka akishapanga kikosi humwachia mchezaji maamuzi mengi. Wa futiboli huamua upya makumi ya mara katika mechi moja. Kwa hiyo kikosi huingia uwanjani na kile tu kilichokwisha kujifunza wiki nzima, na asiyejua somo lake huonekana papo hapo mbele ya maelfu ya watu.

Walsh alizaliwa Los Angeles mwaka 1931 na kusoma katika chuo cha San Jose State, ambako tasnifu yake ya uzamili ilihusu mbinu za kujilinda katika futiboli. Mtu aliyekuja kusifiwa kama bingwa wa mashambulizi alianza kwa kuchunguza jinsi ya kuyazima. Alifundisha shule ya sekondari huko Fremont, California, akawa kocha msaidizi katika vyuo vikuu vya California na Stanford, akapita Oakland Raiders mwaka 1966, na mwaka 1967 akaongoza San Jose Apaches, timu ya ligi ndogo ambayo haikudumu. Mwaka 1968 alijiunga na Cincinnati Bengals, timu mpya kabisa iliyoanzishwa na Paul Brown, kocha aliyekuwa tayari ameufanya mchezo huo uwe wa darasani, kwa mitihani, filamu na vitabu vya mipango. Tabia ya kuuona uwanja kama darasa haikubuniwa na Walsh. Aliirithi, na haki inataka isemwe hivyo.

Alichokiongeza kilizaliwa na upungufu. Mwaka 1969 Bengals walikuwa na Greg Cook, kijana mwenye mkono wa nguvu aliyeweza kurusha mpira mbali na kwa usahihi. Katika mechi ya tatu ya msimu aliumia bega. Aliendelea kucheza kwa maumivu mwaka huo, lakini kipaji kile hakikurudi tena. Mwaka 1970 nafasi ikamwangukia Virgil Carter, ambaye mkono wake haukuwa na nguvu lakini kichwa chake kilikuwa kizuri: mwaka 1971 alichapisha pamoja na msomi mwenzake utafiti wa kihisabati kuhusu thamani ya kuwa na mpira katika kila sehemu ya uwanja. Fundi mzuri hukata nguo kwa kitambaa alichonacho, na Walsh ndivyo alivyofanya. Badala ya kungoja pasi ndefu, alipanga pasi fupi nyingi zinazotanua uwanja kwa upana, na idadi ya hatua za kwotabeki kurudi nyuma ikawiana na idadi ya hatua za mpokeaji kabla ya kugeuka. Mpira ulitoka mkononi kabla mpokeaji hajageuza uso. Mpokeaji wa kwanza akibanwa, macho yalikwenda kwa wa pili, kisha wa tatu, kwa utaratibu uliokaririwa. Bengals, wakiwa katika mwaka wao wa tatu tu, walishinda kundi lao mwaka 1970, na mwaka 1971 Carter akaongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizofika.

Umuhimu wa kisa hicho ni kwamba mbinu iliyokuja kuenea nchi nzima kwa jina la ushambuliaji wa Pwani ya Magharibi ilibuniwa Cincinnati, Ohio, mbali na pwani yoyote, kwa ajili ya mchezaji ambaye wengine wangemwona hafai. Ingekuwa imetegemea kipaji cha mtu mmoja, ingekufa naye. Lakini baada ya Carter alikuja Ken Anderson, kijana aliyetoka Augustana, chuo kidogo cha Illinois, naye akawa miongoni mwa wachezeshaji bora wa ligi katikati ya miaka ya 1970. Hata hivyo, Brown alipostaafu ukocha mwanzoni mwa 1976 alimpa nafasi msaidizi mwingine, Bill Johnson. Walsh baadaye alidai kwamba Brown pia alimsema vibaya kwa timu nyingine zilizotaka kumwajiri. Alikaa mwaka mmoja San Diego Chargers akimfinyanga kijana Dan Fouts, kisha mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 45, akapata ukocha mkuu wa Stanford. Misimu yake miwili hapo ilimalizika kwa ushindi 9 na kisha 8, na ushindi katika Sun Bowl na Bluebonnet Bowl, mechi za vyuo za mwisho wa msimu. Lakini ushahidi mkubwa zaidi uko kwingine: mwaka 1977 Guy Benjamin aliongoza vyuo vyote nchini kwa pasi, na alipohitimu, mwaka 1978 aliongoza mrithi wake, Steve Dils. Watu wawili tofauti, miaka miwili mfululizo, darasa moja.

Pingamizi la kwanza ambalo msomaji makini atalitoa ni kwamba nalikuza darasa na kuwapuuza wanafunzi. Joe Montana na Jerry Rice, waliocheza 49ers chini yake, ni miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huo. Nani angeshindwa nao? Swali ni zuri, na jibu linaanzia kwenye siku walipochukuliwa. Katika NFL wachezaji wanaotoka vyuoni huteuliwa na timu kwa zamu kila mwaka. Mwaka 1979 Montana, kwotabeki, alikuwa wa 82, maana yake majina 81 yalikwisha kutajwa kabla yake, na wengi walimwona mwembamba na mwenye mkono wa kawaida. Dwight Clark, aliyekuja kudaka mpira maarufu kuliko yote katika historia ya 49ers, alikuwa wa 249. Rice mwaka 1985 alichaguliwa wa 16, akitokea Mississippi Valley State, chuo kidogo cha Wamarekani Weusi. Timu nyingine ziliwaona wote watatu zikawaacha. Walsh aliwaona kwa sababu alijua anataka kufundisha nini: kwa mbinu yake, miguu myepesi na akili tulivu vilikuwa na thamani kuliko mkono wa chuma.

Wapo pia wanaosema kwamba wakati ulimbeba. Mwaka 1978 NFL ilibadilisha kanuni, ikawazuia walinzi kuwasukuma wapokeaji baada ya yadi 5 na kuwaruhusu wanaomlinda kwotabeki kutumia mikono waliyoinyoosha. Kupiga pasi kukawa rahisi. Ni kweli, na bila mabadiliko hayo pengine 49ers wasingefika mbali hivyo. Lakini ligi ilikuwa na timu 28 na kanuni zilikuwa moja kwa wote. Mlango ukifunguliwa, anayepita kwanza ni yule aliyekwisha kujiandaa, na Walsh alikuwa amejiandaa kwa takriban miaka 8.

Maandalizi hayo yalionekana wazi tarehe 10 Januari 1982, katika mchezo wa kuwania kufuzu Super Bowl dhidi ya Dallas Cowboys. 49ers walikuwa nyuma 27-21, dakika hazifiki 5, na mpira uko yadi 11 tu kutoka mstari wao wa nyuma. Dallas walitarajia pasi. Walsh akachanganya humo mbio, wakati watu wote walidhani hana muda wa kukimbiza mpira. Walipofika yadi 6 kutoka kwenye ushindi, aliita shambulizi ambalo lilikwisha kutumika mapema siku ileile kumpatia Freddie Solomon bao. Safari hii Solomon alikosekana. Montana, akikimbizwa na walinzi watatu kuelekea ukingo wa uwanja, alirusha mpira juu kabisa mwisho wa eneo la kufungia, na Clark akaruka akaudaka. 49ers wakashinda 28-27. Picha za tukio hilo huelezwa kama muujiza wa vijana wawili. Mimi naliona kama somo lililofika mwisho wake: Clark alikuwa chaguo la pili lililoandikwa kwenye mpango, na alikuwa pale alipotakiwa kuwa. Wiki mbili baadaye waliwafunga Bengals 26-21 na kutwaa Super Bowl ya kwanza. Timu iliyomkatalia Walsh ukocha mkuu ndiyo aliyoishinda.

Tabia ya kufundisha na kuamua mapema aliifikisha kwenye jambo ambalo leo makocha wengi wanaiga. Kabla ya mechi aliandika orodha ya mashambulizi ya mwanzo, ambayo katika 49ers yalifikia 25, na wachezaji waliijua mapema. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu huamua vizuri zaidi akiwa ofisini Ijumaa kuliko akiwa katikati ya kelele Jumapili. Orodha hiyo ilikuwa pia mtihani kwa adui, kwa kuwa majibu ya walinzi kwa mashambulizi ya mwanzo yalimwonyesha mahali pa kupiga baadaye. Mwaka 1984 mashine hiyo ilishinda mechi 15 kati ya 16 za msimu wa kawaida, idadi ambayo hakuna timu ya NFL iliyokuwa imewahi kuifikia, kisha ikawachapa Miami Dolphins ya Shula 38-16.

Wengine watasema ulinzi ndio ulioleta makombe, si pasi fupi. Ushahidi wao ni msimu wa 1981, Ronnie Lott, Eric Wright na Carlton Williamson walipoingia kwenye safu ya nyuma wote wakiwa wageni wa ligi. Nakubali nusu ya hoja hiyo: bila ulinzi ule hakuna kombe. Lakini kuwapanga wageni watatu kwa mkupuo katika sehemu ambayo kosa moja huzaa bao ni uamuzi wa mtu anayeamini kwamba vijana hufundishika. Walsh aliwateua na kuwapanga, na kazi ya kuwanoa alimwachia msaidizi anayeitwa George Seifert.

Jina hilo linaleta pingamizi linaloonekana kuwa kali kuliko yote. Walsh alijiuzulu Januari 1989, mara tu baada ya kutwaa Super Bowl ya tatu kwa kuwafunga tena Bengals, 20-16. Seifert akashika usukani, na mwaka mmoja baadaye 49ers waliifumua Denver Broncos 55-10 katika Super Bowl, kisha wakatwaa nyingine Januari 1995. Kama timu ilishinda bila Walsh, alikuwa na faida gani? Kwa wanaohesabu makombe, hilo linampunguza. Kwa kipimo ninachokitetea, ndilo linalomkamilisha. Kocha ambaye timu yake husambaratika siku anapoondoka ameacha pengo, na pengo huonekana kama ukubwa. Aliyeacha watu wanaoijua kazi ameifanya kazi yenyewe. Na hawakuishia San Francisco. Mike Holmgren, aliyekuwa msaidizi wake, alitwaa Super Bowl akiwa na Green Bay Packers Januari 1997. Mike Shanahan alijifunza mfumo huo 49ers chini ya Seifert, akatwaa mbili akiwa Denver. Andy Reid alijifunza kwa Holmgren na amezitwaa tatu akiwa Kansas City Chiefs, ya karibuni mwaka 2024, karibu miaka 17 baada ya Walsh kufariki kwa saratani ya damu. Hao wawili wa mwisho ni wanafunzi wa wanafunzi.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi linatoka chuoni. Mwaka 1992 Walsh alirudi Stanford. Msimu wa kwanza alishinda mechi 10 na kuwachapa Penn State 24-3. Uliofuata alishinda 4 na kupoteza 7. Wa tatu alishinda 3, akapoteza 7 na kutoka sare 1, akaondoka. Kama alikuwa mwalimu wa kiwango hicho, mbona vijana wa chuo, ambao ndio wanafunzi hasa, walimshinda? Sehemu ya jibu ni kwamba kikosi cha 1992 kiliandaliwa na Dennis Green, mtu aliyewahi kuwa msaidizi wa Walsh, na matunda yalipungua vijana hao walipohitimu. Sehemu nyingine ni saa: tangu mwaka 1991 kanuni za michezo ya vyuo ziliweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki, na somo la Walsh lilihitaji darasa refu. Lakini maelezo hayo hayafuti alama. Yanaonyesha mpaka wa dai langu: ualimu hauna uchawi, unahitaji muda na wanafunzi waliofika daraja fulani, na aliyezoea kumfundisha Montana huenda akasahau mahali pa kuanzia kwa kijana wa miaka 18. Walsh wa 1977 alikipanda kilima hicho; wa 1994 hakuweza.

Kuna darasa jingine ambalo halihesabiwi katika ushindi wala vipigo. Katika NFL ya miaka ya 1980 Wamarekani Weusi walikuwa sehemu kubwa ya wachezaji, lakini tangu Fritz Pollard katika miaka ya 1920 hakuna aliyekuwa kocha mkuu, hadi Art Shell alipoteuliwa na Raiders mwaka 1989. Mwaka 1987 Walsh alianzisha katika 49ers mpango wa kuwaleta makocha kutoka jamii zilizotengwa katika kambi ya mazoezi ili wakae kwenye vikao, waone mipango inavyoandikwa na wafundishe wenyewe. Ligi iliuchukua mpango huo ukawa wa timu zote, na leo una jina lake. Marvin Lewis alipitia huko, akaja kuwa kocha mkuu wa Bengals kwa misimu 16. Wakosoaji husema, na takwimu za ajira zinawaunga mkono, kwamba makocha wakuu Weusi bado ni wachache mno, na kwamba mafunzo yanaweza kugeuka kisingizio: mtu huambiwa ajifunze tena na tena huku kazi wakipewa wengine. Wana haki. Mafunzo humpa mtu ujuzi, lakini mikataba husainiwa na wamiliki. Walsh aliondoa kisingizio kwamba hakuna waliojiandaa, na waliobaki na deni ni walioshika kalamu.

Walsh mwenyewe alilipia ualimu huo. Baada ya mechi 13 za ushindi katika msimu wa 1987, 49ers walitolewa nyumbani na Minnesota Vikings, naye mmiliki Edward DeBartolo akamvua cheo cha urais wa klabu. Aliondoka mwaka uliofuata akiwa bingwa na akiwa amechoka, na baadaye akakiri kwamba aliondoka mapema mno. Alikuwa pia mkali wa kuwaacha wachezaji kabla uwezo wao haujaisha, na wapo waliolihesabu hilo kuwa ubaridi wa moyo. Sidai kwamba alikuwa mtu mwepesi kuishi naye.

Ninachodai ni hiki: DeBartolo angemfukuza baada ya misimu miwili ya kwanza, yenye vipigo 24 katika mechi 32, hesabu ya ushindi ingemtetea mmiliki, na mchezo mzima ungepoteza. Wenye timu, popote walipo, hulazimika kuamua juu ya kocha wakati ambapo matokeo bado hayasemi lolote la kuaminika. Wakati huo yako maswali mawili yanayojibika bila kungoja kombe. Je, wachezaji wanaweza kufanya leo jambo ambalo miezi sita iliyopita hawakuliweza? Na je, kuna mtu kwenye benchi la ufundi ambaye angeweza kuishika timu kesho kocha akiondoka? Kocha ambaye majibu yake yote mawili ni ndiyo apewe muda, hata kama anapoteza. Ambaye majibu yake yote mawili ni hapana atazamwe kwa shaka, hata kama ameshika kombe mkononi.